Mjumbe Hauawi, Lakini Asikalie Barua

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa maombi ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



 Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo litakalowafaa vijana bila ya kuwachosha wazee. Nilifikiri siku nyingi. Desturi ya mkutano huu naijua, maana nimehudhuria mara nyingi nikiwa upande huo wenu. Msemaji husimama, huzungumzia nidhamu na bidii ya masomo, sote tukapiga makofi, kisha tukaenda bwaloni. Maneno hayo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini leo naomba ruhusa ya kuzungumzia michezo inayochezwa kwenye simu na kompyuta kwa njia ya intaneti, na hasira ya wale wanaoicheza. (Makofi kutoka kwa wanafunzi.)

Naona Mwalimu Mkuu ananitazama kwa jicho kali. Namwomba avumilie mpaka mwisho. Sikuja kuwaruhusu vijana kucheza wakati wa masomo ya usiku.

Jambo lenyewe lilianzia nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu, katika shule nyingine, na wakati wa likizo hucheza mchezo mmoja wa mtandaoni. Jina la mchezo silitaji, wala la kampuni. Likizo iliyopita alimsaidia mjomba wake dukani akapata fedha kidogo. Katika hizo alitumia shilingi 12,000, kwa njia ya simu, kununua vitu vya kushiriki shindano lililokuwa likiendelea ndani ya mchezo. Tangazo lilisema shindano litafungwa saa sita usiku tarehe 30. Kijana akapanga mambo yake vizuri. Alimaliza kazi za nyumbani, akala, akakaa saa mbili usiku amalizie shindano lake. Akakuta limefungwa tangu saa moja jioni.

Sababu yake ni hii. Watu wa kwetu wanaocheza mchezo huo wameunganishwa na seva za Asia ya mashariki, na saa sita usiku ya huko ni saa moja jioni ya hapa. Tangazo la kwanza, la lugha ya huko, lilieleza jambo hilo. Tangazo la Kiingereza lilitoka siku tisa baadaye, na sentensi hiyo haikuwamo. Akaandika malalamiko kwa Kiingereza chake cha kidato cha tatu. Jibu likaja la kumshukuru kwa kuwa mchezaji mwaminifu. Akaandika tena, likaja jibu lile lile. Akaandika mara ya tatu, likaja lile lile, hata nukta haikubadilika.

Aliponieleza, nilimjibu kama ambavyo wengi wenu mngejibu. Nilimwambia, "Huo ni mchezo tu. Kasome." Hakubishana nami. Alikwenda chumbani akarudi na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika tarehe ya tangazo la kwanza, tarehe ya tafsiri, maneno yaliyoachwa, tarehe aliyolipa, namba ya muamala, na tarehe za barua zake tatu. Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi ya mafaili kwa miaka karibu ishirini. Nililitazama daftari lile nikaona kwamba hilo ni faili, tena faili zuri kuliko mengi yanayopita mezani kwangu. Nikaona haya. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za mambo haya, na leo nawaletea machache niliyoyapata.

Wazee wenzangu, naomba nieleze kidogo jinsi biashara hii inavyokwenda. Mchezo wa mtandaoni hutengenezwa na kampuni moja, tuseme ya Japani. Ukipendwa, hutakiwa nchi nyingine. Mara nyingi mtengenezaji haupeleki mwenyewe. Huingia mkataba na kampuni ya nchi ile, ambayo hutafsiri maneno, hubadilisha yale yasiyokubalika na sheria au desturi za wenyeji, huweka seva, hutoa matangazo, hupokea fedha na kujibu malalamiko. Mimi nitaiita kampuni hiyo wakala. Mapato hugawanywa: duka la simu huchukua sehemu yake, mtengenezaji huchukua yake, na inayobaki ni ya wakala.

Haki itendeke kwa wakala pia. Mchezo si mali yake. Akitaka kurekebisha kosa dogo, aghalabu humlazimu kumwomba mtengenezaji, na mtengenezaji ana foleni yake. Mkataba nao una mwisho. Ukiisha bila kufanywa upya, seva huzimwa hata kama wachezaji wamejaa. Kwa hiyo mara nyingi wakala hutupiwa mawe kwa dhambi ambazo si zake. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na ninakubaliana nao.

Lakini mchezaji naye ana hoja. Michezo ya namna hii ina kalenda. Toleo la nchi ya kwanza hutangulia, na toleo la nchi ya pili hulifuata nyuma kwa mwaka mmoja au miwili. Mchezaji wa nchi ya pili anaweza kuisoma kalenda ya wenzake akajua mwezi fulani litakuja shindano fulani. Huweka akiba kama mkulima anayejua mvua itanyesha lini. Wakala akibadilisha kalenda, akipunguza zawadi au akichelewesha tangazo, akiba ile huharibika. Na kwa kuwa matoleo yote mawili yako mtandaoni, mchezaji huona kwa macho yake kwamba jirani amepewa kibaba kizima naye amepewa nusu. Ni kama zamani zetu hapa, bweni moja lilipopewa nyama Jumapili na bweni la pili likapewa mchuzi. Mnakumbuka ilivyokuwa. (Kicheko.)

Nianze na mfano wa China. Mchezo wa Kimarekani uitwao World of Warcraft ulifunguliwa huko mwaka 2005, ukiendeshwa na kampuni ya China iitwayo The9. Mwaka 2009 mkataba ukahamia kampuni nyingine, NetEase. Katika kuhama huko seva zilizimwa mwezi wa Juni, na mchezo haukurudi rasmi mpaka Septemba. Kisha idara mbili za Serikali ya huko zikaanza kuvutana juu ya nani mwenye mamlaka ya kuuidhinisha, moja ikisema usiandikishe wachezaji wapya, nyingine ikisema hilo si shauri lako. Sisi watumishi wa Serikali tuliomo humu tusicheke sana. Nyongeza kubwa ya mchezo huo, ambayo Wamarekani waliipata Novemba 2008, Wachina waliipata mwishoni mwa Agosti 2010. Wengi walichoka kungoja, wakaenda kucheza katika seva za Taiwan. Wengine walitengeneza filamu ya zaidi ya saa moja, kwa kutumia picha za mchezo wenyewe, wakaitoa Januari 2010. Ilieleza uchungu wao, na ilitazamwa na watu wengi sana, hata wasiocheza.

Mambo hayo yalijirudia. Mkataba na NetEase ulimalizika Januari 2023 bila kufanywa upya, na seva zikazimwa. Watu waliokuwa wamecheza tangu ujana wao walipewa nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu za wahusika wao katika kompyuta zao, kama mtu anayefunga sanduku bila kujua atarudi lini. Pande mbili zikapatana baadaye, na mchezo ukarudi mwaka 2024.

Mfano wa pili ni wa ahadi. Kampuni ya Sega ya Japani ilitangaza mwaka 2012 kwamba mchezo wake uitwao Phantasy Star Online 2 ungewafikia wachezaji wa Marekani na Ulaya mapema mwaka 2013. Mwaka huo ukapita, na uliofuata ukapita. Wachezaji wakachoka, wakaanza kujitafsiria wenyewe toleo la Kijapani kwa Kiingereza, kazi ya kujitolea bila malipo. Toleo rasmi la Marekani ya Kaskazini lilifunguliwa mwaka 2020. Mtu aliyesikia ahadi ile akiwa kidato cha kwanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Nimesoma malalamiko mengi ya miaka ile, na watu walilalamikia kimya kuliko kuchelewa. Laiti wangeambiwa "hauji" wangetafuta shughuli nyingine.

Sasa nifike Korea Kusini, maana huko ndiko nilikopata somo kubwa. Januari 2021, wachezaji wa mchezo uitwao Fate/Grand Order, ambao ni wa Japani na wakala wake wa Korea ni kampuni ya Netmarble, walikasirika kwa sababu zawadi za mwaka mpya zilikatizwa ghafla zikiwa zimetolewa siku chache tu. Hawakuvunja mlango wa mtu. Walichanga fedha, wakakodi lori lenye skrini kubwa pembeni, wakaandika malalamiko yao juu ya skrini, na lori likasimama mbele ya makao makuu ya kampuni mjini Seoul. Viongozi wa kampuni wakaomba radhi, na mwezi uliofuata wakakaa mkutano na wawakilishi wa wachezaji. Wachezaji wa michezo mingine walipoona hivyo nao wakaanza kupeleka malori.

Mwaka uliofuata likaja jambo la ajabu zaidi. Kuna mchezo wa Kijapani uitwao Uma Musume. Wahusika wake ni wasichana wa kubuni wenye majina ya farasi mashuhuri wa mashindano wa Japani, na mchezaji ni kocha wao. Ulitoka Japani Februari 2021, na Korea Juni 2022, wakala akiwa kampuni ya Kakao Games. Haikupita miezi miwili wachezaji wa Korea wakaanza kupanga matoleo mawili bega kwa bega na kuhesabu. Waliona kwamba vito vinavyotolewa bure kwa mchezaji wa Korea ni pungufu ya vile vya mwenzake wa Japani. Waliona kwamba shindano kubwa, ambalo mchezaji wa Japani hutangaziwa wiki kadhaa kabla ili afanye maandalizi, wao walitangaziwa zikiwa zimebaki siku chache. Waliandika wakaona hawajibiwi inavyostahili. Alama za mchezo huo katika duka la Google, ambazo watumiaji wenyewe hutoa kutoka 1 hadi 5, zikaporomoka mpaka zikakaribia 1.

Tarehe 29 Agosti 2022 walikodi gari la kukokotwa na farasi, farasi wa kweli, likapita mbele ya ofisi za kampuni katika eneo la Pangyo, karibu na Seoul, likiwa na bango la malalamiko yao. Hebu fikirini, pale penye majengo marefu ya kompyuta na vioo, farasi anapita taratibu, kwato zinalia barabarani, na watu wanachungulia madirishani. Mkurugenzi mkuu akaomba radhi mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 17 Septemba kampuni ikakaa na wawakilishi wa wachezaji, na mkutano ukaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Ulichukua karibu saa nane. Ndugu Mwenyekiti, nasi tuna mikutano mirefu, lakini saa nane hatujafika. (Kicheko.)

Je, waliridhika? Hapana, si wote. Siku chache baada ya mkutano, wachezaji 201 walifungua kesi mahakamani wakidai warudishiwe fedha zao. Sikuja kuwaambia vijana kwamba ukilalamika kwa adabu utapewa kila kitu. Lakini tazameni walichofanya. Walikuwa na hesabu ya tofauti, jambo kwa jambo, tarehe kwa tarehe. Walichagua watu wa kuwasemea. Kampuni kubwa ililazimika kukaa chini na kujibu mbele ya kila mtu.

Serikali nayo haikukaa kimya. Tangu tarehe 22 Machi 2024 sheria ya Korea inazilazimisha kampuni za michezo zinazouza vitu kwa njia ya bahati nasibu zitangaze uwezekano wa kupata kila kimoja. Na kuanzia Oktoba 2025, kampuni kubwa za nje zisizo na ofisi nchini humo zinatakiwa ziteue mwakilishi wa ndani, ili mwenye shauri apate mlango wa kubisha. Mtumishi mwenzangu atakayesoma hotuba hii na alitazame jambo hilo la pili. Sisi tunayo Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini mwanangu, aliyelipa shilingi 12,000 kwa kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, abishe mlango upi?

Wakati nasoma habari hizo za Korea, mawazo yangu yalikuwa yakirudi hapa shuleni. Wale wa miaka yetu mtakumbuka mwisho wa muhula mmoja, lilipokuja basi la kutuchukua Jumamosi kutupeleka stesheni. Ofisi ilitoa tangazo kwamba wanaotaka kusafiri nalo wajiandikishe kabla ya Jumatano. Karatasi ya bweni letu alikabidhiwa kiranja. Akaiweka ndani ya sanduku lake juu ya mashati, akasahau. Basi likaondoka na watu wa mabweni mengine, sisi zaidi ya thelathini tukabaki mpaka Jumatatu. Kiranja huyo yuko hapa leo, mtu mzima mwenye heshima zake. Simtaji. (Kicheko kirefu.) Usiku ule vioo vinne vya bwalo vilivunjwa. Asubuhi tukapanga mstari, tukachapwa, tukatakiwa kulipa vioo, na basi halikurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika mstari mmoja kueleza kwamba tangazo halikutufikia. Muhula uliofuata matangazo yakaendelea kukabidhiwa viranja vile vile, maana ofisi ilikuwa na habari za vioo tu, haikuwa na habari za karatasi.

Mpaka hapo nimezungumza kama mzazi na kama mwanafunzi wa zamani. Sasa nizungumze kama mtumishi, na sehemu hii ni nzito kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya mkoani. Ulikuja waraka wa Kiingereza kutoka makao makuu kuhusu uhakiki wa wastaafu. Ulieleza tarehe ya mwisho, na hati ambazo kila mstaafu alipaswa kuja nazo. Mimi ndiye niliyepewa kuutafsiri na kuupeleka kwenye ofisi za kata. Nilikuwa na kazi nyingine, na kila siku nilisema nitaufanya kesho. Ulikaa kwenye trei yangu siku kumi na sita. Nilipoutoa hatimaye, niliufupisha ili utoshe ukurasa mmoja, na katika kufupisha nikaacha sentensi iliyosema kwamba mwenye kupoteza barua ya ajira anaweza kuja na hati nyingine. Wastaafu wa vijiji vya mbali walibakiwa na siku nne.

Siku ya pili baada ya kufunga, alikuja mzee mmoja. Alikuwa amesafiri juu ya lori la magunia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake hati zake zote isipokuwa barua ya ajira, ambayo alikuwa amezunguka kuitafuta siku tatu. Nilimweleza kwamba muda umepita. Hakupandisha sauti. Alisoma tangazo langu ukutani polepole, akaona tarehe ya waraka na tarehe niliyolibandika, maana kwa bahati mbaya nilikuwa nimeziandika zote mbili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimechelewa siku mbili, na lori ndilo lililonichelewesha. Hili tangazo lililala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno fulani juu ya taratibu, kama yale majibu matatu aliyoletewa mwanangu. Mzee alishukuru akaondoka. Baadaye nilimwendea mkubwa wangu nikamweleza ukweli, tukaandika makao makuu, na mwishoni alihakikiwa pamoja na wengine kumi na mmoja waliokuwa na shida hiyo hiyo. Lakini kwa miezi mitatu mzee yule hakupata pensheni yake. Namna alivyokula miezi hiyo sijui, na sikuwa na uso wa kumwuliza.

Nilipoona daftari la mwanangu, ndipo nilipokumbuka trei yangu. Tangazo lilichelewa kutafsiriwa. Sentensi moja iliachwa. Anayelalamika akapewa shukrani badala ya jibu. Kosa lile lile, na mimi nililifanya kwa jambo kubwa kuliko mchezo. Ndiyo maana siwezi tena kusema "ni mchezo tu". Mtu anayekaa katikati ya mwenye mali na mwenye haja, awe wakala wa michezo, awe karani, awe kiranja wa bweni, kazi yake ni kufikisha neno likiwa zima na kwa wakati wake. Mjumbe hauawi kwa sababu habari aliyoileta si yake. Lakini akiikalia barua, ucheleweshaji ni wake mwenyewe, wala hawezi kujificha nyuma ya methali.

Vijana, kwenu nina maneno matatu.

La kwanza, someni kabla ya kulipa. Vito na mavazi unayonunua ndani ya mchezo si mali yako kama shati lako lilivyo mali yako. Umepewa ruhusa ya kuvitumia mpaka seva zitakapozimwa. Waulizeni wachezaji wa China. Na fedha ya ada haichezewi kamwe.

La pili, ukiwa na malalamiko, yaweke kwenye daftari. Andika tarehe, kiasi, maneno waliyosema na maneno waliyoacha. Watafuteni wenzenu wenye shida hiyo hiyo mwandike pamoja. Msiwatukane watafsiri na wale wanaojibu barua, maana mara nyingi ni vijana wa mshahara mdogo ambao hawakuamua lolote. Na msivunje vioo. Sisi tulivunja, tukavilipa.

La tatu ni la mbele zaidi. Michezo mingi mikubwa ya mtandaoni bado haina Kiswahili. Iko siku itakuja kwa Kiswahili, maana wasemaji wetu ni wengi na simu zimeenea. Siku hiyo watahitajika watu wa kuitafsiri na kuiendesha, na ningependa baadhi yao watoke katika madarasa haya. Basi shikeni lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwa bidii. Na mkikabidhiwa kazi hiyo, andikeni saa ya Afrika Mashariki. (Makofi.)

Kwa wanachama wenzangu nina neno moja tu. Wengi wetu tuko maofisini, serikalini, mabenki, hospitali na mashuleni. Jumatatu tukirudi kazini, kila mmoja wetu na atazame trei yake. Kama kuna waraka uliolala humo, na kuna watu wanaoungojea bila kujua kwamba wanaungojea, autoe siku hiyo hiyo, na autoe mzima.

Mwanangu hajarudishiwa shilingi zake 12,000. Barua ya nne tumeiandika pamoja, yeye na mimi, tukiambatanisha nakala ya daftari. Mpaka leo hatujajibiwa. Ananiuliza kila jumapili kama tuandike ya tano, na nimemwambia tutaandika.

 Naona wapishi wamekwisha kufungua masufuria.